Nobu ya gia inacheza: tafuta kwanza inapochezea

Nobu ya gia, yaani kishikio kilicho juu ya leva ya kubadilishia gia, ikilegea kwenye gari la zamani, dawa mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kuikaza kwa mkono kila inapolegea, mpaka inakuwa sehemu ya kuwasha gari asubuhi. Ya pili ni supa glu. Zote mbili zinaacha chanzo palepale, na hiyo ya pili inaongeza tatizo jipya juu ya lile la zamani.

Ugumu wa kasoro hii ni kwamba mkono unapokuwa juu ya nobu, mchezo wote unausikia hapohapo juu, hata kama unatokea chini kabisa kwenye giaboksi. Nobu inaweza kuwa imekaza sawasawa na kinachocheza kikawa ni bushi ya leva, kile kipete cha plastiki au mpira kwenye maungio yake. Inaweza pia kuwa nobu imekwisha kwa ndani na leva yote ni nzima. Ukinunua nobu mpya kabla ya kujua, unaweza kuwa umetupa pesa. Kwa hiyo usikaze wala usibandike chochote kwanza.

Wala tatizo si dogo kama linavyoonekana. Ukishuka mlima wa Kitonga na lori liko mbele yako, unataka kurudisha gia ya pili mara moja. Nobu ikibaki mkononi wakati huo, macho yako yatatoka barabarani, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kipimo cha dakika mbili

Zima gari, vuta breki ya mkono, weka gia nyutro, na kama umeegesha kwenye mteremko weka jiwe kwenye tairi. Inua ile ngozi inayofunika leva. Kwa magari mengi inachomoka kwa vidole, ukianzia ukingo wa nyuma. Sasa chuma cha leva kinaonekana.

Kishike chuma hicho kwa mkono mmoja karibu kabisa na nobu, ukibane kisisogee hata kidogo. Kwa mkono wa pili itikise nobu mbele na nyuma, kisha izungushe kulia na kushoto, kisha ivute juu bila nguvu nyingi.

Kama nobu inasogea huku chuma kimetulia, kasoro iko juu, kwenye nobu yenyewe au kwenye thredi zake, ile mikato ya kuzungushia kama ya bolti. Kama nobu na chuma vinakwenda pamoja kama kitu kimoja, nobu iache, haina kosa. Shusha mkono unaobana mpaka chini ya leva uone mchezo unaanzia wapi. Baadhi ya leva ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa mpira wa kupunguza mtetemo. Mpira huo ukizeeka, kipande cha juu kinayumba juu ya kile cha chini, na dereva anaapa kwamba ni nobu.

Nobu inazunguka bila mwisho, haikazi

Hii ndiyo dalili ya kawaida zaidi kwa nobu za plastiki za miaka ya 1980 na 1990. Unaizungusha kulia, inaendelea kuzunguka, haifiki mahali pa kukaza. Hapa kuna sababu mbili zinazofanana kabisa mkononi, ila matibabu yake ni tofauti.

Nobu nyingi za plastiki au za ngozi zina kichuma kidogo ndani chenye thredi, na plastiki imemwagwa kukizunguka. Baada ya miaka ya jua na kusukumwa, plastiki inapasuka au kuachia, na kichuma kinabaki kimeng'ang'ania leva huku nobu ikizunguka peke yake. Sababu ya pili ni thredi zenyewe kuliwa, ama za nobu ama za leva.

Ili kujua ni ipi, tumia kalamu ya wino mzito. Tazama nobu kwa chini, pale leva inapoingia. Chora mstari mmoja unaopita juu ya plastiki, juu ya kichuma, mpaka kwenye leva. Zungusha nobu robo ya mzunguko. Mstari wa plastiki ukisogea na ule wa kichuma ukabaki sawa na wa leva, kichuma kimeachia. Mistari ya plastiki na kichuma ikisogea pamoja ikiiacha ya leva, tatizo ni thredi.

Kichuma kilichoachia kinatengenezeka, na nobu ya asili ya gari inastahili kazi hiyo kuliko nobu ya dukani yenye kung'aa. Shika kichuma kwa plaizi yenye ncha nyembamba uizungushe nobu itoke, kisha kitoe kichuma kwenye leva. Safisha tundu la nobu kwa thina kidogo kwenye pamba. Kidogo tu, kwa sababu thina nyingi inayeyusha plastiki. Kichuma kikwaruze nje kwa msasa, halafu kwa ukingo wa tupa kikate mifereo miwili mitatu ya wima. Mifereo hiyo ndiyo itakayozuia kisizunguke tena, maana gundi itaingia humo na kuganda.

Gundi iwe ile ya kuchanganya mirija miwili, kama Araldite ya kawaida ambayo mchanganyo wake ni nusu kwa nusu. Ile inayokauka polepole ina nguvu kuliko ya dakika tano. Kabla ya kupaka, tafuta bolti yenye thredi sawa na za leva, ipake grisi kila mahali, uiingize kwenye kichuma. Grisi inazuia gundi isishike thredi, na bolti inakupa mshikio wa kuhakikisha kichuma kimesimama wima. Kikikauka kimeinama, nobu itakaa upande na utaiona kila siku. Ipe saa 24 kabla ya kuifunga, hata kama kwa nje inaonekana imekauka.

Supa glu haifai hapa. Ikikauka inakuwa ngumu na yenye kuvunjika kama kioo, na nobu inapokea misukosuko midogo siku nzima. Tena ni nyepesi, inatiririka mpaka kwenye thredi za leva. Siku fundi atakapotaka kutoa plastiki ya katikati ya viti ili afike kwenye nyaya za gia, nobu haitoki, na itabidi ivunjwe.

Inakaza, baada ya siku chache imelegea tena

Hapa thredi zipo na zinashika, ila hakuna kitu kinachoizuia nobu kurudi nyuma. Mtetemo wa injini na mkono wako vinaifungua polepole.

Angalia kwanza kama kuna nati chini ya nobu. Magari mengi yaliwekewa nati ya kubana: unaikaza nobu mpaka mchoro wa gia uangalie mbele, halafu nati inapandishwa juu kuibana nobu kwa chini. Nati hii hupotea. Mtu anafungua nobu kubadili ngozi, nati inabaki kwenye kopo la bolti, na tangu siku hiyo nobu haikai. Ikiwa haipo, tafuta nyingine, kazi imekwisha. Namna ya kuifunga ni kuishika nobu kwa mkono isigeuke na kukaza nati kwa spana kuelekea juu, kwa nguvu ya kadiri. Ukitumia nguvu ya kufungia tairi utakipasua kichuma tulichokizungumzia.

Kama gari lako halikutengenezwa na nati, au nobu ikikaza mwisho mchoro unaangalia dirishani, unahitaji kitu cha kujaza nafasi ndani ya thredi. Kuna njia mbili, na uchaguzi unategemea nobu imetengenezwa kwa nini.

Kama thredi za nobu ni za chuma au shaba, dawa ya kufungia thredi inafanya kazi nzuri sana. Chukua ya bluu, ile ya nguvu ya kati, mfano Loctite 242 au 243. Inashika, lakini inafunguka kwa mkono na spana. Nyekundu kama 271 iachie bolti za injini. Safisha thredi zote mbili zisiwe na mafuta, weka tone moja au mawili, funga, elekeza mchoro, iache usiku kucha.

Kama thredi za nobu ni plastiki tupu, usiiweke dawa hiyo kabisa. Inaganda inapokosa hewa na kugusana na chuma, kwa hiyo kwenye plastiki inabaki majimaji, na mbaya zaidi kuna plastiki ambazo inazifanya zipasuke. Tumia tepu nyeupe ya mafundi bomba. Izungushie leva mara mbili au tatu kuelekea upande ambao nobu inafungia, yaani kufuata mshale wa saa ukiangalia kwa juu. Ukiizungusha kinyume, nobu itaivua tepu inapoingia. Tepu haibani kwa nguvu kama dawa ya bluu, lakini kwa nobu nyepesi inatosha, na ikilegea baada ya mwaka unaweka nyingine.

Nobu mpya inaingia mizunguko miwili halafu inagoma

Usilazimishe. Hii ni thredi isiyolingana, na hapa ndipo leva nyingi zinapoharibiwa. Muuzaji anasema nobu inaingia gari zote, mnunuzi anaikaza kwa plaizi, inaingia kwa kukata thredi upya upande upande, na tangu hapo hata nobu sahihi haikai tena.

Toyota nyingi za manyuali zina leva ya milimita 12 yenye hatua (umbali kutoka kilele kimoja cha thredi hadi kinachofuata) ya 1.25, na Subaru nyingi vivyo hivyo. Honda nyingi ni milimita 10 kwa 1.5. Nissan za zamani, Mitsubishi na Mazda nyingi ni milimita 10 kwa 1.25. Volkswagen Beetle ilibadilishiwa kipenyo cha leva zaidi ya mara moja katika maisha yake, kwa hiyo usinunue kwa kutaja jina la gari peke yake. Pima.

Kupima kunahitaji rula tu. Kipenyo cha nje cha thredi ukikiona karibu 12, pungufu kidogo, ni 12. Kikiwa karibu 10 ni 10. Kwa hatua, weka rula kando ya thredi uhesabu vilele ndani ya milimita 15. Hatua ya 1.25 inatoa vilele 12, hatua ya 1.5 inatoa 10. Kwenye thredi chafu utahesabu vibaya, kwa hiyo zipige brashi ya waya kwanza.

Kwa mwenye Toyota kuna njia rahisi zaidi. Nati ya tairi ya Nissan kwa kawaida ni milimita 12 kwa 1.25, sawa na leva yako. Iazime, ipandishe kwenye leva kwa vidole. Ikishuka laini mpaka mwisho, thredi za leva ni nzima na kosa ni la nobu. Ikikwama, leva ina majeraha. Usijaribu na nati ya tairi ya Toyota yenyewe, kwa kuwa hiyo ni 12 kwa 1.5 na itakudanganya, au itaongeza madhara.

Leva iliyojeruhiwa kidogo inasafishwa kwa dai, kile kifaa cha kukatia thredi, ya kipimo chake. Ianze kwa chini kidogo ambako thredi bado ni nzima kama inawezekana, tia tone la mafuta, zungusha nusu mzunguko, rudisha robo, endelea. Leva iliyoliwa kabisa ipeleke kwa fundi wa kukereza vyuma. Dar es Salaam mafundi hao wako Gerezani, na kila mji una wake. Atakata thredi ndogo zaidi, kisha atatengeneza kibushi kinachoingia hapo chenye thredi za nobu yako kwa nje. Njia nyingine ni nobu yenye skrubu ndogo za ubavuni zinazobana leva. Zinafaa, ila skrubu tatu ni bora kuliko moja, maana moja inaisukuma nobu upande.

Kifuniko cha juu kinalia

Kile kisahani chenye mchoro wa gia kinaweza kuachia na kulia tik tik kwenye barabara ya vumbi, ukadhani nobu imelegea. Kibonyeze kwa kidole gari likiwa linatembea taratibu. Kelele ikikata, bandika kipande cha tepu yenye gundi pande zote mbili chini yake.

Leva yote inayumba

Ikiwa kile kipimo cha mwanzo kilionyesha kwamba nobu na chuma vinakwenda pamoja, kazi iko chini. Dalili zake zinajulikana: leva inatetemeka na kulia gari likiwa na mwendo, ukiigusa kelele inanyamaza, na gia ya tatu inatafutwa kama kitu kilichopotea gizani. Leva inapokaa kwenye gia, unaweza kuisogeza sana bila gia kutoka.

Kwenye Corolla za miaka ya 1990 na magari mengine yanayovutwa na tairi za mbele, leva inasukuma nyaya mbili zinazokwenda kwenye giaboksi. Mwisho wa kila waya una jicho lenye bushi ya plastiki au mpira, limevishwa kwenye pini na kufungwa kwa klipu. Toa plastiki ya katikati ya viti, mwambie mtu atikise leva huku wewe ukitazama macho hayo. Bushi iliyokwisha utaiona pini ikicheza ndani ya tundu kabla waya haujaanza kusogea. Angalia na upande wa pili, juu ya giaboksi, kwa sababu kule kuna joto la injini na bushi huisha mapema zaidi. Klipu ikikosekana usifunge kwa waya wa kuchomelea. Waya huo unakata pini, na siku ukikatika hutapata gia kabisa.

Hilux nyingi za zamani na pikapu za jamii yake ni tofauti. Leva inaingia moja kwa moja juu ya giaboksi, na ndani kuna kiti cha plastiki ambacho tufe la chuma la mwisho wa leva linakalia. Kiti kikiliwa, leva inalegea mithili ya kijiko ndani ya kikombe. Sehemu hii ni ndogo, lakini inabadilisha gari zima. Mtu aliyezoea kuchokonoa gia miaka mingi atashangaa.

Weka gia nyutro, toa ngozi na mpira wa chini. Kabla ya kufungua chochote safisha sehemu yote kwa tambara na brashi, maana mchanga ukidondoka ndani ya giaboksi utazunguka na mafuta. Kwenye nyingi kuna kofia ya bati yenye springi: funika kwa kitambaa, ibonyeze chini kwa nguvu, izungushe kinyume cha mshale wa saa, leva inatoka. Ziba tundu hapo hapo kwa tambara safi. Toa mabaki ya kiti cha zamani, hesabu vipande uone kama kinakamilika, maana kipande kilichobaki ndani ni lazima kifuatwe. Weka kipya, paka grisi, rudisha leva, bonyeza kofia na kuizungusha mpaka ijifungie. Kabla ya kuwasha gari, kanyaga klachi uingize gia zote moja moja, na rivasi.

Tabia moja inayoharibu bushi hizi na hata sehemu za ndani ya giaboksi ni kuweka mkono juu ya leva safari nzima. Uzito wa mkono unasukuma uma wa kuhamisha gia ndani ya boksi muda wote. Badilisha gia, rudisha mkono kwenye usukani.

Kabla hujazungusha nobu usiyoijua

Si kila nobu imefungwa kwa thredi. BMW nyingi na baadhi ya magari mengine ya Ulaya zina nobu ya kusukumiwa, inayotoka kwa kuvutwa juu moja kwa moja. Ukiizungusha unavunja kizuizi cha plastiki ndani yake. Ukiivuta, geuza uso pembeni, kwa sababu inaachia ghafla na inakuja na nguvu zako zote. Nobu za aina hii zikilegea, plastiki ya ndani imepanuka, na hapo ni afadhali kubadilisha nobu kuliko kuzungushia tepu.

Gari la otomatiki lenye leva ya sakafuni nalo lina mpangilio wake. Toyota nyingi zimefunga nobu kwa skrubu mbili, ambazo zinaonekana ukiinama kuiangalia leva kwa mbele au chini ya nobu. Zikaze kwa bisibisi ya nyota inayolingana, bila kuipindua plastiki. Ukiitoa nobu, kuna springi na kitufe vinavyoweza kuruka, kwa hiyo fungua juu ya kitambaa. Ikiwa kitufe cha ovadraivu (O/D, gia ya juu kabisa) kiko kwenye nobu, kuna nyaya mbili nyembamba zinazoshuka ndani ya leva. Nobu iliyolegea inazisugua, na zikibanwa zikagusa chuma, taa ya O/D OFF inaweza kubaki inawaka hata ukibonyeza. Baada ya kufunga, hakikisha kitufe cha pembeni kinarudi chenyewe na leva inatoka P mguu ukiwa kwenye breki, na haitoki kitufe kisipobonyezwa.

Kwa malori yenye kiswichi cha gia za juu na chini kwenye nobu, inama utazame kwanza chini yake. Kuna mipira myembamba ya upepo inayoingia humo. Nobu ikizungushwa nayo inajinyonga, na lori litabaki na nusu ya gia zake mpaka mipira hiyo ibadilishwe. Toa upepo kwenye mfumo, piga picha ya mpira upi uko wapi, uichomoe, ndipo uanze kufungua.